Maji ya Kumwagilia Chuma

Bwana Vipimo hakuwa mtu wa kuitikia salamu. Ukiingia chumbani kwake asubuhi na shikamoo yako mdomoni, alikunyooshea kidole kimoja usubiri, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Alisoma joto la tangi la kwanza, la pili, la tatu, akashuka hivyo hivyo mpaka la mwisho, bila haraka, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Akimaliza ndipo alipokugeukia. Siku njema alisema, "Marahaba." Siku nyingine alisema, "Umeniletea vumbi," akakuonyesha mlango ukakung'ute viatu.

Jina lake nalijua, sitaliandika. Alikozaliwa na ukoo wake waulizwe wenye shida nao. Mimi nilimjua akiwa ndani ya koti jeupe ambalo bisibisi zilikuwa zimelitoboa mfuko, na hilo linanitosha. Nilimchukia pia. Nasema mapema, ili msomaji asije akadhani nitalainika mwishoni kwa sababu mtu kazeeka.

Kiwanda chetu kilikuwa cha mvinyo, mashariki ya mji wa Dodoma, njia ya Ihumwa, reli ikipita nyuma ya uzio. Kilikuwa mali ya umma, na miaka hiyo kilikuwa kinauzwa. Mjini kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba imejaa sokoni, redio za kila aina, maduka ya watu ambao jana tu walikuwa makarani. Kiwandani kwetu neno jipya lilikuwa "mwekezaji," na tulilitamka kwa adabu, kama mtu anavyomtaja mkwe. Kila mtu alijua kwamba mwekezaji akija atakuta orodha mbili, ya wanaobaki na ya wanaopunguzwa, na kila mtu alikuwa anajiweka vizuri.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Zabibu ziliingia kwa malori, zikakamuliwa, maji yake yakaachwa matangini yachachuke. Yakichachuka yanapata joto. Joto likizidi, hamira inakufa, na ulichokuwa unakiita mvinyo kinakuwa siki. Kwa hiyo kila tangi lilitiwa kipimajoto, na kila kipimajoto kilitoa nyaya mbili nyembamba zilizotambaa ukutani mpaka chumba cha vipimo, zikaingia kwenye kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi ilipokea volti ndogo kutoka kila tangi, kompyuta ikazigeuza kuwa nyuzi za joto, na nambari zikatokea kwenye kioo. Tangi likipanda, mtu wa zamu alikimbia kufungua maji baridi yalizunguke. Siku hizi mtoto atacheka. Wakati ule wabunge waliletwa kuangalia kioo kile, wakasimama wamefunga mikono nyuma, wakitikisa vichwa.

Mimi nilitoka chuo cha ufundi nikapangiwa chini yake. Hakuniuliza jina. Aliuliza kwetu wapi, nikasema Kondoa, na kuanzia hapo nikawa Kondoa. Siku ya kwanza aliichomoa kadi ya akiba, akaiweka mezani, akamwaga kando yake jampa, yaani vile vikofia vya plastiki vidogo kama punje za uwele, ambavyo ukivivisha kwenye vijiti vya kadi unaiambia ipime namna gani. Akasema, "Panga." Nikapanga. Akaangalia, akazipangusa zote kwa kiganja zikaanguka sakafuni. Hakusema ipi ilikuwa na kosa. Nikaziokota kwa magoti, nikapanga tena, akazipangusa tena. Alikuwa akitafuna karanga muda wote huo, na maganda aliyadondoshea pale pale nilipokuwa natafuta jampa zangu. Jioni nilipopatia alisema, "Sasa zoa maganda."

Nikubali kwamba alijua kufundisha, kama unaweza kuvumilia. "Kila njia inayoingia kwenye kadi ina maswali matatu," alisema. "Inapima nini, kikubwa kiasi gani, na inakilinganisha na nini. Ukikosea la kwanza wewe ni mvivu. Ukikosea la pili wewe ni mjinga. Ukikosea la tatu hutajua kwamba umekosea, nambari zitatoka nzuri tu, na mtu huyo ndiye ninayemwogopa." Niliyashika maneno hayo kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Nitayarudia huko mbele, na hatayapenda.

Alitufundisha pia habari ya njia tupu. Kadi inapima njia moja baada ya nyingine, kwa kasi, na njia isiyofungwa waya haionyeshi sifuri kama unavyotegemea. Inabaki na mabaki ya njia iliyotangulia, inaonyesha kitu kinachofanana na cha jirani. Mgeni anaona nambari, anafurahi, kumbe hapo hakuna kitu. Somo zuri. Lakini yeye hakuliachia kwenye kadi. Mtunza stoo wetu, mtu mpole mwenye kigugumizi, alikuwa na tabia ya kuafiki kila analosema mwenzake kikaoni, na Bwana Vipimo akamwambia mbele ya mkurugenzi, "Wewe ni njia tupu. Unamsoma jirani." Tangu siku hiyo watu wote kiwandani walimwita Njia Tupu, mpaka madereva, mpaka mke wake siku moja alipokuja getini na kuuliza, "Njia Tupu yupo?" kwa kuwa walinzi hawakulijua jina jingine. Bwana Vipimo alisimuliwa hilo akacheka mpaka akashika meza.

Dereva mmoja alichelewa kwa sababu mtoto wake alilazwa. Bwana Vipimo alimsikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu, akamwuliza, "Mtoto huyo kaajiriwa hapa?" Mwingine alifiwa na baba, akarudi kabla matanga hayajaisha kwa kuogopa orodha. Alimwambia, "Ungekaa tu. Hakuna nambari iliyobadilika."

Na bado, mtu huyu huyu ndiye aliyeitengeneza redio ya mlinzi wa geti kila ilipokufa, na ilikufa kila mara. Alikaa naye juani, bisibisi mdomoni, akimtukana kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kazi: redio yako inanuka, betri zako za kuchemsha, wewe na redio yako mmeoana. Akimaliza aliiwasha, akasikiliza habari kidogo, akaondoka bila kungoja asante. Kanisani kwake aliimba besi, na waliosali naye walituapia kwamba machozi yalimtoka kila Ijumaa Kuu. Mvinyo hakuonja hata tone. Mikono alinawa kwa kikombe kimoja cha maji, anajimwagia mwenyewe kidogo kidogo, na akiona umeacha bomba linatiririka alikuita mwizi.

Jambo moja hakuna aliyeweza kumbishia. Hakudanganya nambari. Mhasibu alikuja siku moja na ujumbe kutoka juu, kwamba wageni wanakuja na tangi moja lililopanda joto lisomeke limeshuka, kwa siku hiyo tu. Bwana Vipimo alimtoa nje kwa ukosi wa shati. "Kipimo ni kipimo, hata cha debe: kikisema limejaa, limejaa," alisema. "Kikisema nusu, hata aje nani ni nusu." Tulimsifia kwa hilo. Hata mimi nilimsifia, nikiwa na alama za sakafu kwenye magoti.

Sasa nije kwa Mama Nyemo.

Alikuwa kibarua wa usafi, Mgogo wa pale pale, kijiji chao ng'ambo ya reli. Kiswahili chake alikuwa amekiokota ukubwani, na Bwana Vipimo alikuwa akimwigiza anavyotamka, mbele yake, kwa sauti nyembamba. Mama Nyemo aliendelea kufagia. Asubuhi alitusalimu wote "Mbukwenyi," tukaitikia hata tusiojua Kigogo, akachukua ndoo yake akaenda kwenye shimo.

Shimo ndilo lililompa cheo. Nyuma ya chumba cha vipimo ilizikwa fimbo ya shaba, nasi tuliiita ethi, ambayo vipimo vyote vya kadi viliegemea. Ardhi ikiwa na unyevu, fimbo inashikana nayo vizuri na nambari zinatulia. Lakini hii ni Dodoma. Kuanzia masika yakiisha, ardhi yetu inakauka mpaka inapasuka, na fimbo inabaki imesimama ndani ya vumbi. Nambari zinaanza kucheza. Tangi lenye joto linasoma baridi, lenye baridi linasoma joto. Dawa ya Bwana Vipimo ilikuwa mkaa, chumvi na maji: kila asubuhi ndoo nzima ya maji ya chumvi imwagwe shimoni. Kazi hiyo akapewa Mama Nyemo.

Kisima cha kiwanda kilikuwa hatua chache kutoka shimoni, na uzio ulikuwa hatua chache upande wa pili. Nje ya uzio walipita wanawake wa kijijini wakitoka kutafuta maji, madumu kichwani, mengine matupu kama yalivyokwenda. Walisimama wakimtazama mwenzao anamwaga ndoo nzima juu ya chuma. Mwanzoni walicheka. "Mama Nyemo, kitaota lini tuje tuvune?" Baadaye kiangazi kilipokaza walinyamaza, wakasimama tu, na kusimama kwao kulikuwa kugumu kuliko kucheka.

Yeye aliipenda kazi ile kwa sababu iliyo wazi. Mkurugenzi alikuwa amesema kwamba mwekezaji atakichukua chumba cha vipimo kizima kizima, pamoja na watu wake, na mmwagiliaji wa ethi akahesabiwa mtu wa chumba. Kibarua wa miaka yote angekuwa mwajiriwa, na mwajiriwa alipewa chumba kwenye nyumba za kiwanda, zile zenye bomba uani. "Nikipata bomba, Kondoa mwanangu," aliniambia, "mimi nitatandika jamvi nilale nalo hapo hapo." Tukacheka. Alikuwa amekwisha kunionyesha chumba chenyewe, cha tatu kutoka mwisho, mlango wa bluu. Alikuwa amekwisha kuchagua kitanda cha mwanawe Nyemo kitakaa upande gani.

Kwa hiyo kila mtu aelewe alichokuwa anakiweka rehani asubuhi alipoanza kuwapitishia wanawake wale maji uzioni. Alianza kwa kikombe kimoja, cha kumnywesha mtoto wa wifi yake. Kisha akina mama wengine, na watoto wengine. Mwisho shimo lilikuwa likipata nusu, na nusu nyingine ikipita kwenye matundu ya uzio kwa kopo. Maji ya kabla hajatia chumvi, bila shaka; chumvi aliitia kwenye nusu iliyobaki.

Ilikuwa katikati ya mavuno ya kiangazi. Nambari zikaanza kucheza taratibu, kiasi cha kutotisha. Tangi la tisa likasoma baridi likiwa linachemka. Mtu wa zamu hakufungua maji. Tulipofungua mfuniko, harufu ya siki ilitupiga usoni, na hatukuhitaji kipimajoto. Tangi zima, na mwekezaji anakuja wiki ijayo.

Bwana Vipimo hakupiga kelele. Alikwenda shimoni, akachukua udongo akausugua vidoleni, akarudi, akatuita wote chumbani, Mama Nyemo mbele karibu na kioo. Akamtuma Njia Tupu akamwage ndoo nzima. Tukasubiri. Nambari ziliyumba, zikapungua kuyumba, zikasimama.

"Umeona?" alimwuliza, kwa upole kabisa. "Maji yangu yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Niliwapa wenzangu, bwana mkubwa. Walikuwa na watoto."

"Watoto walikunywa?"

"Walikunywa."

"Basi wamekunywa tangi la tisa." Akachukua kikombe chake, kile cha kunawia, akatoka nacho, akarudi kimejaa kile kilichokuwa ndani ya tangi. "Onja. Wao wamekunywa, na wewe unywe."

Kila mtu aliiona orodha mbele ya macho. Mama Nyemo alikunywa chote. Macho yalimtoka maji kwa ukali wake, akameza mpaka mwisho, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayemrudishia mgeni. Bwana Vipimo akakichungulia kuona kama kimeisha. Kisha akasema mtu huyo asihesabiwe tena chumbani kwake.

Sikulala vizuri, lakini si huruma tu iliyoniamsha. Lilikuwa lile swali la tatu: inalinganisha na nini?

Kadi ile inapangwa kwa namna mbili. Ya kwanza, unachukua waya mmoja wa kila tangi, na nyaya za pili zote unazifunga pamoja kwenye ethi. Kadi inalinganisha kila tangi na ardhi, na unapata njia kumi na sita. Ya pili, kila tangi linaingia na nyaya zake zote mbili, kadi inapima tofauti ya hizo mbili peke yake, na ardhi ikauke isikauke haiwahusu sana. Lakini hapo kila tangi linakula njia mbili, na unabaki na nane. Matangi yetu yalikuwa kumi na sita. Bwana Vipimo alikuwa ameipanga kwa namna ya kwanza. Matangi ya chuma, mbali na chumba, katika ardhi kavu kuliko zote nchini, akayaegemeza yote juu ya fimbo moja na ndoo moja ya maji.

Alipokwenda kikaoni kwa mkurugenzi, nilizima kompyuta, nikafungua, nikahamisha jampa. Nikafunga upya nyaya za matangi manane, la tisa likiwemo, kila moja na jozi yake. Siku hiyo shimoni hamkumwagwa hata kopo la maji. Nikawasha. Nambari nane zilisimama kama zimepigiliwa misumari. Nilipanda juu ya matangi na kipimajoto cha kioo, nikakichovya katika tangi moja moja, nambari zikalingana.

Alirudi akakuta nusu ya kioo ni giza. Nikamwambia, "Bwana Vipimo, angalia." Aliangalia kwa muda mrefu. Akapanda mwenyewe na kipimajoto cha kioo, akashuka. Akachungulia ndani ya kompyuta, akaziona jampa zilipo.

"Umefanya vizuri, Kondoa," alisema. Ni mara ya pekee nilimsikia akimwambia mtu hivyo, na aibu yangu ni kwamba nilifurahi. "Sasa rudisha."

"Nirudishe?"

"Mwekezaji kaahidiwa matangi yote kwenye kioo kimoja. Hatakuja kutazama nusu."

"Tungeomba kadi ya pili."

"Wataileta wao wakishanunua. Kwanza wanunue."

"Na Mama Nyemo? Kosa halikuwa la maji. Orodha haijaenda."

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama jampa zangu siku ile ya kwanza. "Aliambiwa ndoo nzima, akamwaga nusu. Nambari hiyo imebadilika?" Akavuta kiti, akazirudisha jampa kwa mkono wake mwenyewe, mbele yangu, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja. Nilikwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alisema mambo ya nyaya anamwachia mwenye nyaya.

Orodha ikaenda. Mama Nyemo hakuwemo. Chumba cha mlango wa bluu kiliwekwa mashine ya kudurufu. Mwekezaji alikuja, akakitazama kioo chenye matangi yote, akapeana mkono na Bwana Vipimo mbele ya wapiga picha. Ndoo nzima nzima zilikuwa zimemwagwa shimoni tangu alfajiri, na uzio ulikuwa umezibwa kwa mabati ili wanawake wasionekane. Haukupita muda mrefu, kadi ya pili ikaja, kila tangi likapata jozi yake, na lile shimo likafukiwa. Mimi niliondoka mwaka uliofuata.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Miaka ilikuwa imepita. Nilikwenda Nzuguni kumwangalia mdogo wangu aliyejifungua, bomba la mtaa likawa limekauka, nikachukua ndoo nikaenda kwenye kioski cha maji. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alisimama mzee mwenye koti la kijivu ambalo zamani lilikuwa jeupe, na mfuko wake ulikuwa na tundu.

"Shikamoo, mzee."

Alinyoosha kidole nisubiri. Alikuwa anahesabu ndoo zilizo mbele. Alipomaliza akageuka. "Marahaba. Kondoa." Hakushangaa. "Bado unapanga jampa?"

Nikamwambia siku hizi mambo hayo yanapangwa kwenye programu, jampa zimekufa. Akaguna. Tukasogea. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba nikimwona nitamwuliza, basi nikamwuliza, pale pale kwenye jua, watu wakisikia.

"Ulijua lini kwamba kosa ni la kadi?"

"Siku niliyoichomeka," alisema. "Ningekufundisha swali la tatu kama silijui?"

"Ukamwacha mama wa watu afukuzwe."

"Sikiliza." Akasogeza ndoo yake kwa mguu. "Ningeipanga kadi vizuri tangu mwanzo, ethi isingehitaji maji. Isingehitaji maji, asingekuwepo wa kuyamwaga. Hiyo kazi yake aliipatia wapi? Kwenye kosa langu. Ile ahadi ya nyumba aliipatia wapi? Hapo hapo. Nilichomnyang'anya ni changu." Alisema hivyo kwa sauti yake ya darasani, na niliona kwamba alikuwa ameufanyia kazi ule mpangilio wa maneno kwa miaka, akiujaribu huku na huku mpaka ukatulia.

"Na kile kikombe?" nikasema. "Nacho kilikuwa cha kwako?"

Akainama kuchukua ndoo yake. Zamu yake ilikuwa imefika.

Kwenye dirisha la kioski alikaa Mama Nyemo. Alikuwa amenenepa kidogo, kitenge kizuri, funguo za koki zimening'inia shingoni. Kamati ya mtaa ilikuwa imempa kioski, nikaja kujua baadaye. Yule wa mbele yetu alikuwa amejaziwa ndoo mpaka inamwagika, akatukanwa kwa utani, akaenda zake. Bwana Vipimo aliweka ndoo yake chini ya koki. Mama Nyemo akafungua. Maji yakapanda, yakafika katikati, akafunga.

Nilingoja afungue tena. Watu wa foleni hawakungoja. Walitazama pembeni, kama watu waliokwisha kuzoea.

"Imejaa?" Mama Nyemo aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa.

Bwana Vipimo aliichungulia ndoo, kama alivyokichungulia kile kikombe. Mtu aliyemtoa mhasibu kwa ukosi wa shati.

"Imejaa," alisema.

Akainyanyua, akaiweka kando ya ukuta palipokuwa na dumu lake, akaimimina humo, akarudi na ndoo tupu kusimama nyuma kabisa ya mstari. Nilimtazama Mama Nyemo. Ilibidi nimwulize. "Mama, au ni kwa ajili ya uzee, hawezi kubeba iliyojaa?"

"Uzee gani, mwanangu? Juzi nimemwona kabeba mfuko wa saruji." Akanishika mkono juu ya dirisha, akatabasamu, akaniuliza habari za watoto, na maji ya ndoo yangu yakaendelea kupanda. "Husimama mara mbili kila siku," alisema. "Tangu nipewe hizi funguo."

Ndoo yangu ilijaa mpaka ukingoni. Nilipompita pale nyuma ya mstari alikuwa ameshaanza tena kuhesabu ndoo zilizo mbele yake, midomo ikicheza. Sikuipunguza ndoo yangu. Nilifika kwa mdogo wangu nikiwa nimelowa ubavu mzima, akaniuliza kwa nini nimejaza kiasi hicho.